Binti Mfalme wa Kivinje na Mababu Zake Sita

Shoga yangu alicheza picha moja tu ya sinema maishani mwake, na hata hiyo hakuimaliza kama alivyoagizwa. Lakini picha hiyo moja imempa ukoo mkubwa kuliko wa liwali. Nikipita Kivinje siku hizi, kutoka sokoni mpaka forodhani, sikosi kukutana na mtu anayedai kwamba yule mwanamke aliyeonekana kwenye shuka alikuwa shangazi yake, au mama mdogo wa baba yake. Nimewahesabu jamaa hao, na kwa kuwa siamini hesabu ya mara ya kwanza, nikawahesabu tena. Mara zote mbili wamewazidi kwa mbali watu waliokuwa wakimwitikia salamu enzi zile alipokuwa akitafuta jamaa wa kuazima.

Ndiyo, jamaa wa kuazima. Mimi ndiye niliyemtafutia.

Zilikuwa enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Vilikwisha mjini. Kule milimani Umatumbi vilikuwa bado, maana njaa haikuwa imepata habari kwamba amani imetangazwa. Mimi nilikuwa nauza samaki wa kukaanga mlangoni pa soko, na mtu akitaka kitu kisichopangwa chini sokoni, mchumba, chumba cha kupanga, mbuzi wa akika asiye na kilema, alikuja kwangu. Nilikuwa napatana bei ya kitu ambacho sijakiona, kwa mtu ambaye sijamjua, na kila mmoja akaenda zake akidhani kanipunja.

Shoga yangu alikuwa kiongozi wa lelemama, ngoma ya wanawake wa mjini. Alikuwa na shingo ndefu na sauti ya kumnyamazisha muadhini, Mungu anisamehe. Karani mmoja wa forodhani akampenda. Karani mwenyewe hakuwa na neno. Neno lilikuwa la shangazi yake aliyemlea, bi mkubwa wa nyumba kongwe ambaye husema wazee wake walitokea Songo Mnara, kisiwa cha magofu, zamani mawe yake yalipokuwa bado mabichi. Ndoa ingemtoa shoga yangu kwenye chumba cha makuti na kumweka kwenye nyumba ya mlango wa nakshi, na watu wa kwenye milango ya nakshi wangemwita muungwana. Aliitaka ndoa ile kama mtu anayezama anavyoutaka ubao.

Kizuizi kilikuwa jikoni kwake. Kilikuwa mama yake.

Mama yule alishuka kutoka milimani akiwa mtoto, nyuma ya msafara, na hakushuka kwa hiari yake. Wakati ule Kilwa ilikuwa inauza watu kama ninavyouza samaki. Baadaye akapata uhuru, akampata na baharia aliyempa mtoto mmoja na ahadi nyingi. Wakiwa peke yao, au na mimi, shoga yangu alimwita mama na kumsuka nywele. Wageni wakiingia, alikuwa "bibi wa jikoni". Na bibi wa jikoni aliitika "labeka" vizuri kabisa, kama mpishi wa siku zote.

Siku shangazi alipokuja kuuliza nasaba, nilikaa mkekani kama msemaji.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Nataka mababu saba, kwa majina."

"Saba wengi, bi mkubwa. Kuna watu wana wanne na wanaswalisha msikitini."

"Hao si kwetu. Saba."

"Watano, na wote ni Waislamu."

"Sita. Na mmoja awe wa Songo Mnara."

"Wa Songo Mnara yupo," nikasema. "Kaburi lake lina maandishi."

"Yanasemaje?"

"Yamefutika."

Hapo akalegea kidogo. "Hata ya kwetu yamefutika," akasema.

Nikampangia mababu sita. Wawili walikuwa wa baharia, kama baharia alisema kweli. Mmoja niliazima kwa jirani aliyekuwa na mababu wa ziada. Waliobaki niliwatoa pale walipokuwa. Shangazi akawarudia kwa vidole, akaridhika, kisha akauliza kama anayeuliza maji ya kunywa:

"Na mama yake je?"

Mimi nilikuwa sijajiandaa. Shoga yangu akajibu mwenyewe, macho chini:

"Alifariki."

Na wakati huohuo mama yake alikuwa ameinama mbele yetu anamimina kahawa. Hakumwaga hata tone. Alimjazia shangazi kikombe mpaka ukingoni, akarudi jikoni. Shangazi akamvisha shoga yangu bangili ya fedha, ya amana, mpaka siku ya harusi itakapokuwa yake kweli. Mimi nikaenda jikoni kuangalia. Shoga yangu akaja nyuma yangu.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?" mama akauliza, anapuliza moto.

"Homa, mama."

"Ndefu au fupi?"

"Fupi."

"Afadhali," akasema, akaendelea kupuliza.

Lazima niseme na hili, kwa sababu ndilo lililotuangusha. Mama yule alikuwa na mtani. Ninyi mliozaliwa mijini mtadhani mtani ni mtu wa mzaha tu. Kwetu mtani ni mtu wa ukoo ambao ukoo wako umepewa tangu zamani kutukanana nao bila kukasirikiana. Anaweza kukuita mzoga mbele ya kadhi. Na ukifa, ni yeye anayekuja msibani kukucheka, kukuiga ulivyokuwa ukitembea, na kuketi juu ya kitanda cha maiti mpaka mwenye msiba, yaani mtoto wako, amkomboe kwa kitu. Bila hivyo maiti haiendi kaburini. Hawezi kukomboa jirani, wala shoga, wala tajiri. Ni mtoto, au ndugu wa damu.

Mtani wa mama yule alikuwa mzee wa Tingi aliyeleta tumbaku na ugoro sokoni, akikaa hatua chache kutoka kwenye kikaango changu.

"Umekuja, mzoga?"

"Nimekuja, mwizi wa kuku. Ugoro huu au majivu ya nyumba ya mama yako?"

"Ukinusa utajua. Lakini kwa pua hiyo utamaliza mzigo wote."

Watu wa mjini walidhani ni mpishi mkorofi anayegombea bei. Mimi ninajua kugombea bei. Kuna mahali panafika mwisho. Hawa hawakuwa na mwisho, na kila mara mama aliondoka na ugoro wa bure. Basi nilijua. Nilinyamaza tu, kwa kuwa hakuna aliyekuja kwangu kuuliza.

Sasa ndipo akashuka kwenye meli yule Mzungu wa picha.

Alikuja na sanduku lenye miguu mitatu na mkono wa kuzungusha kama wa kusagia. Alitaka kupiga picha inayotembea, ya kwenda kuonyeshwa kwao, kuhusu vita vya maji. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: kuna binti mfalme wa Kilwa, anayempenda sana Kaiza, mfalme wa Wadachi, waasi wa maji wanamuua mama yake, malkia, binti analia juu ya maiti, askari wanakuja kumlipizia. Tulipoelezwa tukatazamana. Kilwa ilikuwa haijaona malkia tangu zamani za mawe ya shangazi, na kama kuna binti aliyemlilia mama yake katika vita vile, waliomuua hawakuwa watu wa maji. Lakini ujira ulikuwa mzuri, basi tukasema hadithi ni ya kweli tupu.

Mkalimani wa boma akaja kwangu. "Bwana anataka binti mfalme halisi. Mwenye damu."

"Yupo. Ana mababu."

"Wangapi?"

"Bwana anapenda wangapi?"

Akamuuliza. "Kumi."

"Kumi tunao," nikasema. Sita walikuwa tayari, na wanne zaidi si kazi ukishazoea.

Shangazi aliposikia, nilitegemea atakataa. Akafurahi mpaka akasahau kuvaa kiatu kimoja. Boma likiandika kwamba mchumba wa mtoto wake ni binti mfalme, nani atauliza tena? Akasema atakuja mwenyewe kutazama, na awekewe kiti.

Wachezaji wengine walipatikana kwa shida. Waasi walichezwa na askari wa boma, waliovuliwa sare na kupewa mikuki. Walikataa kuanguka. Mmoja akasema yeye ana cheo, hawezi kufa mbele ya mtu aliye chini yake. Na askari wa picha alichaguliwa sokoni, kwa urefu wake na jinsi alivyosimama wima: mtu ambaye soko zima lilijua alikuwa wapi wakati wa vita, na upande gani. Mzungu akamvisha kofia ya askari mwenyewe kwa mikono yake. Kofia ilimkaa.

Mambo mawili yakakwama. La kwanza, shoga yangu hakuweza kulia. Kucheza alijua, kuimba alijua, kutembea kama ardhi ni ya baba yake alijua kupita kiasi. Lakini alilia kama mtu aliyetumwa kulia na akataka kurudi nyumbani.

"Hapana!" Mzungu akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha boma. "Lia kweli! Mama yako kufa!"

Shoga yangu akatazama mchanga.

La pili lilikuwa maiti. Hakuna mtu aliyekubali kufunikwa sanda akiwa mzima. Walijaribu kufunga mikeka, upepo ukaifungua, malkia akasambaa ufukweni. Jioni ile, jikoni, mama akasema, "Nitalala mimi."

"Mama, huoni vibaya?" shoga yangu akauliza.

"Vibaya gani? Si nimeshakufa. Ilikuwa homa."

Shoga yangu akatoka nje. Mama akaniambia mimi, hali anachambua mchele:

"Kaka zangu wawili walikufa kule milimani. Tuliletewa habari na mtu wa tumbaku. Sikukaa matanga, kwa kuwa mpishi wa mjini hana kaka milimani. Nilipika kama kawaida. Sasa mwanangu, nataka nilale nisikie watu wanalia. Hata wakilia kwa ujira. Mimi nitajua mwenyewe ninamlilia nani."

Nikavuta ungo, nikachambua naye.

Siku ya picha, Mzungu aliweka sanduku lake uwanjani karibu na forodha, jua likiwa juu. Kitanda cha kamba kikawekwa katikati, mama akalala, akafunikwa shuka nyeupe. Shangazi alikaa kwenye kiti chake, nyuma ya sanduku, na mwamvuli. Waasi walisimama upande mmoja wakikuna mbavu, askari wa picha upande mwingine, wima. Wanawake wa lelemama walikuwa waliaji. Nao, tofauti na kiongozi wao, walijua kazi. Mzungu alipozungusha mkono, wakapiga ukunga uliovuka forodha, ukavuka msikiti, ukaingia sokoni.

Katika hesabu zangu zote nilikuwa nimehesabu mababu, waliaji, waasi na viti. Sikumhesabu mtu wa tumbaku.

Sokoni mtu alimwambia, "Ni yule bibi wa jikoni, kafunikwa sanda." Akaacha mzigo wake wazi. Tukamwona anakuja anakimbia kizee, na jamaa zake wawili nyuma, na uso wake umekwisha kulia tayari. Alipofika kwenye kitanda akajifuta kwa kiganja, akavuta pumzi, akaanza kazi yake.

"Ala! Umekufa bila kuniaga, mzoga wewe! Nani kamfunga hivi? Kafungwa kama muhogo wa sokoni! Na tazameni, kafumba mdomo! Mara ya kwanza tangu nimjue!"

Waliaji walionyamaza ni wale wa pwani. Wale wenye asili ya bara walianza kucheka kwa mikono mdomoni, kama inavyotakiwa. Mzungu alidhani ni maajabu aliyoletewa na Mungu. "Vizuri! Endelea!" akapiga kelele, anazungusha.

"Mzee huyu anataka nini?" shangazi akauliza.

"Ni mtani wa maiti, bi mkubwa," mwanamke mmoja akamjibu bila kufikiri.

"Maiti ni malkia wa kuigiza. Mtani katoka wapi?"

"Katoka kwao maiti."

Mzee akapanda, akaketi miguuni mwa kitanda. "Maiti hainyanyuki. Mwenye msiba anikomboe. Mtoto wake nani?"

Ule mkono wa sanduku ulikuwa unasaga tu, krrr, krrr. Nilimtazama shoga yangu, amesimama kichwani pa kitanda katika hariri ya kuazima, bangili ya shangazi mkononi. Na shangazi alikuwa anamtazama pia, mwamvuli umeinama.

"Nauliza tena. Mtoto wake nani?"

Chini ya shuka hakikutikisika kitu. Aliagizwa asitikisike, na alikuwa mtu wa kutimiza maagizo. Lakini mimi nilikuwa karibu. Niliona shuka mahali pa mdomo imeacha kupanda na kushuka. Alikuwa amezuia pumzi asikie.

Mzee akangoja. Kisha utani ukamtoka usoni, akabaki mzee tu.

"Basi hana," akasema taratibu. "Walimleta huku peke yake. Nitamrudisha peke yake. Jamani, nishikieni upande huu."

Jamaa zake wakainama kushika kitanda.

"Mwacheni!"

Ni shoga yangu. Alikuwa ameshika mbao za kitanda kwa mikono miwili kama anayeng'ang'ania mlango.

"Mtoto wake ni mimi. Huyu ni mama yangu." Akaivua bangili, ikakwama kifundoni, akaivuta mpaka ikamchuna ngozi, akamtupia mzee mapajani. "Nimemkomboa. Niachie mama yangu."

Na akalia. Hakulia kibinti mfalme. Alilia kwa pua, mdomo wazi, wanja ukimshuka mpaka shingoni, akalala juu ya ile shuka akiita mama, mama. Mzungu naye, nilimwona, alikuwa anajifuta macho kwa mkono mmoja na kuzungusha kwa mkono wa pili.

Ndipo maiti ikasema:

"Bangili? Usimpe bangili! Desturi ni kuku."

Akaketi wima, sanda imemwangukia kiunoni. "Mpe kuku. Akikataa, muongezee yai."

Waasi ndio waliotangulia kukimbia, wenye cheo mbele. Waliaji wakafuata. Shangazi aliondoka na mwamvuli lakini aliacha kiti, na kiatu kimoja, safari hii cha mguu mwingine. Aliyebaki amesimama wima mahali alipowekwa ni askari wa picha peke yake. Nadhani alikuwa ameshaona makubwa kuliko hayo. Mtani alikuwa ameanguka chali mchangani, bangili imemkaa kifuani. Akainuka kwa kiwiko, akamtazama mama, akasema:

"Hata kufa hujui."

Ndoa ilivunjika siku hiyohiyo. Kesho yake shangazi akaja sokoni kudai bangili yake. Mtani akamwambia kwa adabu zote kwamba kitu cha msiba hakirudi, ila kwa kubadilishwa na kitu kingine cha msiba. Shangazi akaniita nipatanishe. Nikapatanisha: kuku mmoja, bangili irudi. Akamleta kuku mwenyewe, amemshika miguu, anapita naye soko zima, kwa kuwa hakumwamini mtu. Watu wakaanza kucheka, naye hakujua kwa nini, mpaka akainunua mwenyewe habari kwa muuza chumvi: anayemkomboa maiti ni mtu wa damu wa maiti. Kwa hesabu ya soko, bi mkubwa wa Songo Mnara alikuwa sasa ndugu wa bibi wa jikoni.

Shoga yangu hakuolewa na karani. Miezi ile alikaa kama mtu aliyeachwa na meli, na mimi sikumfariji kwa uongo, kwa kuwa hasara ilikuwa kweli hasara. Lakini tangu siku ile aliacha kumwita mama yake bibi wa jikoni. Wageni walipoingia, mama yake alikuwa amekaa mkekani, na kahawa ilimiminwa na binti.

Kisha Mzungu akarudi na picha yake. Akatundika shuka kwenye ukuta wa forodha, mara baada ya magharibi, mji mzima ukaja. Mwanga ukapiga, na shoga yangu akatokea, mkubwa kuliko mlango wa msikiti. Mzungu alikuwa amekata kipande cha maiti kuketi. Kwao maiti za picha zinabaki zimekufa. Mkalimani akasoma maneno ya Kidachi: binti mfalme, wa mababu kumi, anamlilia malkia. Sauti haikuwapo. Lakini mdomo wake ulikuwa mkubwa kama dirisha, na hakuna mtu Kivinje aliyeshindwa kuusoma. Mama yangu. Huyu ni mama yangu.

Watu waliokuwa hawamsalimu wakaanza kunong'ona kwamba pua ile ni ya ukoo wao. Nikamsikia shangazi, gizani, anamwambia mwenzake, "Huyo nusura awe wetu. Damu haifichiki, unaona anavyolia?"

Hapo hapo kivuli cha mzee mwenye kikofia kikasimama katikati ya shuka, kikamfunika binti mfalme mzima.

"Amekufa tena!" akapaza sauti. "Nimeona kwa macho yangu! Kuku wangu wa pili!"

"Kaa chini, mwizi we," mama akajibu kutoka mkeka wa mbele. "Unanizibia maiti."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, wa milango ya nakshi na wa makuti. Shoga yangu alikuwa amekaa ubavuni mwa mama yake. Akangoja kicheko kipungue. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ya lelemama, ambayo hata shangazi kule nyuma hakuweza kujifanya hakuisikia:

"Mama, tumpe jogoo au tetea?"

"Tetea," mama akasema. "Yule aliyeacha kutaga."